Pori Lisilotumika

Jumatatu, 12 Mei
Nimekata viazi vya kuanika michembe tangu asubuhi. Limi anaota jino, hakulala, na mimi sikulala. Gari la serikali limekuja, watu watatu, wakaipiga picha ngitili yetu, malisho yetu ya akiba. Baba mkwe kawasalimia. Wameitikia bila kushuka.

Jumatano, 14 Mei
Mkutano wa kijiji. Kumbe serikali inanunua silaha kwa nchi rafiki, na rafiki huyohuyo ndiye anayetukopesha hela za kununulia. Sharti mojawapo: eneo la kuzifanyia mazoezi. Afisa kasema wamepata pori lisilotumika.

Pori! Ngitili tunaifunga mvua zikianza. Haina uzio, inalindwa na neno tu. Ng'ombe haingii mpaka Agosti, majani yakiisha kwingine kote. Bila ngitili, Septemba ng'ombe wanaanguka. Tumeitunza mpaka inaonekana haina mwenyewe.

Nikasimama, mtoto mgongoni, nikajitambulisha. Nikasema mwenye duka akikukopesha hela ununue dukani kwake, huyo si rafiki, huyo ni mwenye duka. Watu wakacheka. Nikamuuliza afisa adui ni nani.

"Mambo ya usalama hayo, Mama Limi. Au tukulinde kwa fimbo ya kuchungia?"

Wakacheka tena. Safari hii mimi ndiye nachekwa.

Silikatai jeshi. Kaka yangu ni askari. Lakini nani alituuliza? Deni tutalipa sisi, na ardhi tutoe sisi!

Alhamisi, 15 Mei
Hasira iko palepale. Mtendaji wa kijiji kasema watarudi Jumatatu kuhakiki. Wakikuta mifugo inalishwa, watatafuta kwingine. Wakikuta patupu, wanapima.

Nimemwambia baba mkwe tuingize ng'ombe. Kanitazama kama nimemtukana.

"Ng'wanawane, mwanangu, mwezi wa tano? Mimi niliyemtoza mbuzi ndugu yangu kwa ndama mmoja aliyeingia?"

Jumamosi, 17 Mei
Nimempigia mume wangu, yuko machimboni Geita. Kasema msikilize baba. Nimemsikiliza. Baba anasema wakiuliza tutawaeleza. Hawaulizi, ndiyo shida yenyewe.

Jumatatu, 19 Mei
Nimeingiza mimi. Ng'ombe wote kumi na mmoja. Baba mkwe aliniona. Halafu akaenda kwa majirani, nao walete wa kwao. Gari lilipofika, ngitili nzima ilikuwa inalia ng'ombe.

Afisa: "Hawa wametoka wapi?"

Baba: "Wamekuja kula, bwana. Wewe umekuja kufanya nini?"

Wakaandika malisho. Wakaondoka.

Jioni baba akatoa mbuzi wetu, akampeleka kwa wazee. Faini yangu. Sikubisha. Yeye angalau ana sheria aliyoiweka mbele ya watu wote.

Ijumaa, 23 Mei
Tumewatoa ng'ombe. Ardhi ni yetu. Majani yamebaki ya kifundo cha mguu, na mvua zimekwisha. Tumekula Septemba yetu mwezi wa tano, kwa ajili ya bunduki ambazo hata hatujaziona. Nimelia kwa hasira, Limi akanishika pua.

Jumapili, 25 Mei
Gari limepita kuelekea kijiji cha jirani. Baada ya ibada nimekwenda kwa miguu kuwaambia. Mama mmoja kanisikiliza mpaka mwisho, kanipa maji. Ngitili yao ilikuwa nzuri, majani yananifika kiunoni. Nilikuwa bado nakunywa nikasikia ng'ombe wanapita nyuma ya nyumba, kuelekea ngitilini.