Sarafu ya Malkia na Chumba cha Pili

Kawangware, 3 Juni 1978

Kaka Kavoi,

Salamu nyingi. Tuko wazima, ila mwanangu Katunge anakohoa. Wewe na kazi yako ya masanduku ya bati mnaendeleaje huko Kisumu Ndogo, Kibera?

Memsahib amerudi kwao Uingereza. Miaka yote hiyo nimemfulia na kumpikia, akaniaga kwa sarafu moja ya fedha ndani ya kisanduku, ile ya Malkia kutimiza miaka ishirini na mitano kwenye kiti. Ati kumbukumbu! Kodi yetu alikuwa analipa yeye, na sasa Kihara mwenye nyumba anataka tutoke mwisho wa mwezi. Wewe una vyumba viwili. Naomba tuje kwako hadi nipate kazi.

Dada yako,
Nthenya

Kibera, 9 Juni 1978

Dada mpendwa,

Nashukuru mko wazima. Mimi sijambo, ni mgongo tu.

Weh! Hujui umeshika nini! Sarafu kama hiyo ya babu yake Malkia, ya 1935, ninayo. Hiyo yako nimeisaka mjini mpaka viatu vikaisha. Usiitoe kwenye kisanduku, usiiguse kwa vidole. Nimeitengenezea nafasi kwenye kabati la kioo, chumba cha pili. Mpe Urbanus, jirani yangu anayesali huko kwenu, aniletee akitoka kanisani.

Kaka yako,
Kavoi

Kawangware, 14 Juni 1978

Kaka,

Mgongo unaendeleaje? Pole sana.

Sarafu ilikuwa na madoa, nikaona aibu kukuletea kitu kichafu. Nimeisugua kwa jivu na waya wa sufuria, sasa inang'aa. Lakini habari ya chumba hukunijibu. Kikohozi cha mtoto kimezidi. Tuje lini?

Dada yako,
Nthenya

Kibera, 17 Juni 1978

Nthenya,

Jivu! Umemkwaruza Malkia uso mzima! Wenzangu wanaokusanya sarafu wakiiona watanicheka. Wewe una akili gani? Sina la kukuambia.

Kavoi

Kibera, 30 Julai 1978

Dada mpendwa,

Habari za siku nyingi? Hasira zimeniisha. Hata yenye mikwaruzo ni afadhali kuliko nafasi tupu. Nitasogeza kabati, mje mkae. Katunge alipona?

Kaka yako,
Kavoi

Riruta, 12 Agosti 1978

Kavoi,

Salamu.

Barua yako nimeipata kanisani. Usihangaike na kabati. Kihara alitutoa, tukalala kwenye baraza la kanisa, na baridi ya Julai unaijua. Katunge tumemzika Lang'ata. Sikukuita, maana uliandika huna la kuniambia. Rafiki yangu Filister amenipa nafasi kitandani kwake. Sasa niko mtu mmoja, tunaenea.

Sarafu anakuletea Urbanus. Usinitafute.

Mama Katunge