Nyuzi Zilirudi Bila Déogratias

Nyalukemba, Bukavu, mwezi wa tano 1974

Kwako mudogo wangu Ignace, kule Mwenga,

Mimi yaya yako, mukubwa wako wa tumbo moja, mwenye miaka sabini na ine, nakuandikia na mukono wangu mwenyewe. Nimebakia muzima nyuma ya Wabeleji, nyuma ya mercenaires, wale askari wazungu wa kukodiwa, waliotoboa ukuta wangu, nyuma ya kifo cha bibi yangu, na nyuma ya madaktari wawili waliosema moyo yangu imechoka. Kwa hiyo usisome hii kama barua ya muzee aliyepotewa na akili. Kifua chako kinaendelea namna gani? Watoto wanasoma? Zahabu inaonekana ao ni matope tu? Sisi huku tunakula, tunalala, mvua inakaribia kuisha.

Sasa sikia. Unajua mutoto wangu Déogratias anapiga violo kubwa, ile wanashika katikati ya magoti. Kwenye karatasi ya serikali iko na jina lingine siku hizi, toka walikataza majina ya kizungu. Mimi namuita lile padiri alimupa. Mwaka huu yeye na walimu wenzake watatu walipanga musimu wa muziki kwenye sale ya paroasi, ule ukumbi wa kanisa, kila konseri na kichwa chake: kwanza Mvua, kisha Mavuno, na ya mwisho Kuzaliwa, sababu bibi yake Eulalie iko na mimba na Déo alitaka kumufurahisha. Hakuna ngoma, hakuna wa kuimba, watu wane wamekaa kama wanangojea chakula. Siku ya Mvua nilikaa mbele kabisa. Nilisikia matone kwenye mabati, kweli, na niliwaambia wote waliokuwa pembeni kwamba ile mikono mutoto aliipata kwangu. Waliniomba ninyamaze. Sikunyamaza.

Kisha nyuzi zao zilichakaa, na Bukavu hazipatikani. Déo akapanda lori kwenda kuzinunua Bujumbura. Nilimuambia akae mbele pembeni ya shofere, sababu mimi nilikuwaka napitisha malori ya kinini, dawa ya malaria, kwenye mupando wa Ngomo, ile barabara ya mulima ya kwenda Uvira, na katika Kivu yote hakuna aliyejua zile kona kunishinda. Alicheka, akasema ndiyo papa, hata mbuzi za Ngomo zinajua.

Siku ya Mavuno kiti yake ilikuwa hapo, violo imeegemea, mutu hapana. Nikamuuliza Marcellin, mukubwa wao. Akasema Déo bado anatafuta nyuzi, maduka ya kule yamefungwa. Nikasema vizuri. Lakini macho yangu haijakufa: kwenye violo ya Marcellin mwenyewe nyuzi ziling'aa, mupya kabisa. Nani alizileta?

Toka ile siku nilianza kuchunguza watu. Ignace, wamekuwa wazuri kwangu, na hiyo ndiyo ilinitia woga. Barthélemy, jirani aliyenikatalia mupaka wa kiwanja toka wakati wa Wabeleji, alikuja na kasiksi, pombe ya ndizi, akasema ule muti wa avoka ni wangu. Nikasimulia namna nilirudisha lori nyuma pale Ngomo, matairi mbili hewani. Siku zote ananiitaka muongo. Safari hii alisema ni kweli, muzee, ulikuwa shofere, akaangalia chini. Maman Emérence, muzalishaji wa maternité, alinishika mukono kwa mikono yake miwili kanisani, hakuachia upesi. Mimi mutu anionee huruma, kwa nini?

Nikaenda kwa Marcellin, nikamuambia sitauliza Déo iko wapi. Nitauliza tu kama alikaa mbele. Akaanza kulia. Déo alimuachia nafasi ya mbele mama mumoja mwenye mutoto mugongoni, yeye akapanda juu ya mizigo. Wakati wa kurudi lori ilianguka Ngomo. Walimuzika Uvira sababu ya joto. Nyuzi zilikuwa ndani ya koti lake.

Wote walijua, walikuwa wanakungojea wewe, Ignace, sababu kwetu baba haambiwi kifo cha mutoto wake na mutu wa inje. Ni ndugu wa tumbo moja anakuja kukaa naye na kumuambia. Najua walikutumia habari, na barabara imekatika: karatasi inapita na watu wa miguu, wewe na kile kifua hapana. Walifanya vizuri. Mimi nimemukataza Marcellin kusema kama najua.

Sababu Eulalie hajui. Siku zake ziko karibu, na mimba ya kwanza ilitoka kwenye kilio, siku walizika mama yake. Kwa hiyo nyumbani nasema sana. Nasema Déo amenogewa na Bujumbura, nasema watoto wa siku hizi hawana haraka, najisifu asubuhi mpaka jioni asipate nafasi ya kuuliza. Sasa anataka kwenda kwenye konseri ya Kuzaliwa. Nimekataa. Ameniita muzee wa kichwa nguvu, mwenye wivu juu ya muziki wa mutoto wake. Nikasema ndiyo, na bado sitakuachia. Afazali anichukie kuliko aone ile kiti.

Barabara ikifunguka, usikuje na kichwa kimenyolewa, usilete wanawake wa kulia. Kuja na mbuzi, kama mutu anayekuja kusalimia mutoto mupya. Tutakunywa, tutabishana. Siku Eulalie atakuwa amezaa na amepata nguvu, ndipo utaniita pembeni na kuniambia, na mimi nitasikia kama mara ya kwanza. Nitalia pale. Kabla ya pale hapana.

Salimia bibi yako na watoto wote, uwaambie yaya yako bado anasimama wima. Na kama unaona nazidisha, kama munavyosemaka, wenye kushuhudia ni hawa: Marcellin wa violo, jirani Barthélemy, na Maman Emérence wa maternité. Eulalie usimuulize kitu.

Ni mimi yaya yako,
Honoré, shofere