Wanataka Kuliondoa Jina Lako

Bhoke mdogo wangu,

Leo tangu asubuhi sikai. Nimefagia uwanja mpaka kuku wananikimbia.

Mwanangu, yule niliyempa jina lako tulipokuzika, sasa ni msichana wa sekondari, na ameanza kuacha chakula. Kama wewe. Anasonga ugali, anampakulia kila mtu, anawanawisha mikono, halafu anakaa pembeni. Eti ameshiba. Wewe ulikuwa unasema, "Dada, moshi wa jikoni umenishibisha," nasi tunacheka. Tulicheka, jamani!

Mama mkwe anasema ni wewe. Umerudi na jina, umekuja na tabia zako, na hutoki mpaka kondoo achinjwe na mtoto apewe jina jingine. Baba watoto amekubali. Jumamosi wazee wanakuja.

Ila juzi nilitoka naye hapa Machochwe nikampeleka hospitali, Mugumu. Daktari, binti mdogo tu, akauliza kama tuna ndugu aliyewahi kukataa kula hivyo. Nikakutaja, nikalia palepale. Akasema huu ni ugonjwa, si jeuri. Huko duniani watafiti wanakusanya mate ya wagonjwa na ndugu zao, wanachunguza vinasaba, na wanaona kuna kitu kinarithiwa. Hawajakielewa chote, na dawa yake bado. Lakini kurithi si kuhukumiwa, alisema; akiwahiwa anaweza kupona.

Kumbe! Na wewe ulipimwa minyoo, TB, kila kitu, halafu shangazi akasema unaringa. Ulikufa watu wakikugombeza. Nina hasira, Bhoke, na sijui nimkasirikie nani. Hayo mate wakiyataka, nitawajazia kikombe.

Kinachoninyima raha ni hiyo Jumamosi. Mtoto akishapewa jina jipya, ukoo mzima utasema amepona. Nani tena ataniruhusu kumrudisha hospitali? Ataendelea kukonda huku wanampongeza.

Basi, Ijumaa alfajiri tunaondoka, mimi na yeye. Daktari amekubali kumlaza. Sijawahi kumpinga mama mkwe hata kwa jambo dogo kama chumvi ya mboga. Wakinifukuza, nimefukuzwa.

Pumzika, mdogo wangu. Si wewe unayemuumiza, na hilo nitakaporudi nitalisema mbele yao wote, wazee wakiwa wamekaa. Nakuahidi ataitwa Bhoke, na atakula.

Dada yako,
Robi