Kuruthum, Aliyewaandika Watu wa Mwambeni

Mwaka umetimia, Kuruthum, tangu alasiri ile uliponiambia nikaepue birika la chai. Niliporudi na vikombe viwili nilikukuta umeegemea mto, miwani usoni, daftari kifuani, umeshatutoka. Chai ile niliimwaga. Daftari nimeliweka.

Miaka ishirini na sita ulifanya kazi chumba cha mashuka katika hoteli moja ya Al Garhoud, hapa Dubai. Ulikunja mashuka ya wageni wasiokujua, na wewe ukajua majina ya wafanyakazi wote wa ghorofa ile, na ya watoto waliowaacha makwao. Everlyn, yule binti wa Kenya aliyekuja hajui hata kunyoosha foronya, hunipigia simu kila Ijumaa. "Mzee Thuwein, umekula?" Nikisema nimekula, huuliza nimekula nini. Ulimfundisha kwamba mumeo hudanganya katika jambo hilo.

Ni wewe pia uliyenipeleka shule ya usiku. Nilikuwa mchukuzi pale Al Ras, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, naweka dole gumba mahali pa sahihi. Ukaniambia, "Utabeba magunia usiyoweza kusoma yameandikwa nini mpaka lini?" Leo ninaandika haya kwa mkono wangu. Mawadda, binti yetu, alitaka kunisaidia kuyalainisha. Nimekataa. Nina hasira, na nataka maneno yawe yangu.

Mwambeni ni kisiwa chako, si changu. Mimi ni mtu wa mjini Unguja, nilifika kwenu kuoa. Ni kisiwa kidogo, mtu akianza kukizunguka asubuhi, adhuhuri amemaliza. Vijana wake wako Maskati, Mombasa na hapa Dubai, na hukuwahi kuona aibu kwa hilo. Watu wa visiwa huondoka kutafuta. Kilichokuudhi ni kuambiwa kwamba waliobaki hawapo.

Miaka mitatu iliyopita alifika karani wa kuandika watu. Dada yako Jokha ndiye aliyekuwa mlangoni.

"Bibi, nyumba hii mna watu wangapi?"

"Tupo, alhamdulillahi."

"Ndiyo, lakini wangapi?"

"Kama unavyotuona."

Jokha alijibu alivyolelewa. Mwambeni mtu hataji idadi ya watu wa nyumba yake, wasije wakaingiwa na jicho la hasadi. Karani alimwona Jokha na mjukuu mmoja. Wengine walikuwa pwani kwenye mwani. Akaandika wawili, akaenda nyumba ya pili, akajibiwa vilevile. Jioni alipanda boti na kisiwa kizima kimekuwa watu kumi na tisa.

Hakusubiri maji yajae watu warudi. Hakumuuliza hata mwalimu Masuda, aliyekuwa na daftari la mahudhurio mezani pake. Kwa watu kumi na tisa wakubwa wakasema shule haina haja, Masuda akahamishwa. Boti ya zahanati ikaacha kuja. Tangu hapo watoto wa Mwambeni huvuka kwa mtumbwi alfajiri kwenda shule ya ng'ambo, na bahari ikichafuka hawasomi. Waliopanga hayo watoto wao hupelekwa shule kwa gari.

Ulirudi kazini na habari hiyo ukamwambia msimamizi wako, yule mama aliyetoka kisiwa kidogo huko Karibi. Ulinisimulia jibu lake zaidi ya mara moja. Alisema kwao watu wameondoka tangu enzi za babu zake, kukata miwa, kuuguza wagonjwa, kuendesha mabasi ya watu wengine, na siku zote walirudi na sanduku na mke. "Walipofunga shule ndipo wakaacha kurudi. Mtu atarudije na mtoto wa miaka saba?" Siku hiyo ukapita dukani ukanunua daftari.

Ulianza na Jokha. Nilikuwa nimeketi hapo hapo, nikakusikia kwenye simu ukisema, "Dada, usinihesabie. Nitajie majina tu." Jokha akaanza kutaja, mmoja mmoja, na kila jina ukaliandika pamoja na la baba na la mama. Hakuna aliyekatazwa kutaja jina. Wakubwa wote wenye elimu hawakufikiri hilo. Alifikiri mkunja mashuka. Ulimaliza nyumba zote kwa miezi minne. Walio nje uliwapa ukurasa wao wa mwisho, hukuwachanganya, ili asitokee mtu kusema Bi Kuruthum amejaza kisiwa kwa watu wa Dubai.

Chini ya orodha hukuandika jumla. Mimi niliyajumlisha kwa penseli, kisha nikafuta, na hapa sitaitaja. Nitasema tu kwamba watu kumi na tisa hawamalizi ukurasa wa kwanza, na kurasa za waliobaki ni nne.

Ulilipeleka daftari kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya watu wa Mwambeni walio Dubai, chumba cha juu ya duka la Shafiq, Al Ras. Shafiq, mwenyekiti, alilishika kwa vidole viwili.

"Bi Kuruthum, hii orodha ya watu au ya waalikwa wa arusi?"

Watu wakacheka. Ukamjibu, "Ya waalikwa, mwanangu. Jina lako sikuliona, maana mama yako mzazi huu mwaka wa sita hujaenda kumwamkia."

Kicheko kikahamia kwake. Lakini alilifunga daftari. "Khalas, bibi. Hesabu imeshatoka." Miezi miwili baadaye tulikuzika Al Quoz.

Na sasa nikuambie la mwaka huu. Jumuiya imewaandikia wakubwa barua ya kukubali wazee wa Mwambeni wahamishiwe kisiwa kikubwa, "kwa kuwa wakazi ni wachache". Barua ina sahihi ya mwenyekiti na ya katibu. Katibu ni Faris, mwanao.

Nilimuuliza. Akasema, "Baba, mimi natazama hali halisi."

Nikamwambia, "Hali halisi hiyo ina mama yako mkubwa Jokha ndani yake, na daftari la mama yako liko kabatini, hujalifungua."

Akanijibu ana kikao, yalla, tutaongea. Hatujaongea.

Nami sikukaa. Niliandika barua kwa wakubwa, mbili hazikujibiwa, ya tatu imejibiwa: karani atarudi mwezi ujao. Nimeinakili orodha yako yote kwa wino, nikawapigia wenye nyumba nikawasomea, nikaongeza watoto waliozaliwa. Jumapili ninasafiri nayo. Kibali changu cha ukaazi kiko chini ya Faris, na nikikaa nje zaidi ya miezi sita kinakufa. Na kife. Jokha amenisafishia chumba cha uani, na jina la mwisho katika nyumba yake sasa ni Thuwein. Karani akifika atakuta mtu mlangoni mwenye miwani, na atasomewa kurasa nne bila kuruka mstari. Akitaka jumla, atajumlisha mwenyewe. Ndiyo kazi anayolipwa.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, Mawadda na mumewe, wajukuu zako Aseel na Thamer, dada yako Jokha na nyumba zote za Mwambeni, mwalimu Masuda, Everlyn na wenzake wa chumba cha mashuka, na Faris, mwanao, ambaye sahihi yake ingali kwenye barua ile hadi leo ninapoandika.

Wewe hukutaka orodha iseme uongo, kwa hiyo jina lako sikulitia ndani. Nimeliandika juu kabisa, mahali pa aliyeikusanya. Hapo halitafutwa maadamu yuko mmoja wetu anayeweza kusoma.