Susana Ana Wazee, Mimi Natafutiwa Baba

Jumanne, Hounslow

Mteja wangu wa Kimarekani leo amelia kwa furaha. Nimemtafutia asili ya Susana, bibi yake wa kale, enzi Marekani ikiwa koloni la Waingereza, nikaikuta kwa Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa wakaja hapa London. Jina lao la ukoo limeandikwa namna nne katika vitabu vya kanisa. Si neno, wote wazee wake.

Narudi nyumbani, nakuta barua ya uhamiaji kuhusu viza ya Baba. Yeye Salim Juma Haji, mimi Zuhura Salim Juma, kama tunavyoitwa Unguja: jina lako, la baba, kisha la babu. Mabingwa wameona majina ya mwisho hayafanani, kwa hiyo huenda si baba yangu.

Nilimpigia simu nimwambie, nikashindwa.

"Naam, mwanangu," aliitikia.

Bahati mbaya, neno hilo halina muhuri.