Nani Kapogoa Mizabibu Yetu

Jumapili, 6 Februari
Bonde zima inasikika mikasi. Kila mtu anapogoa mizabibu yake — kasoro sisi. Huu ni mwaka wa saba, shmita, ardhi ipumzike, na Elkana mume wangu kasema haiguswi. Majirani wengi wameiuza ardhi yao kwa mwaka mmoja kwa mtu asiye Myahudi, kwa ruhusa ya marabi wao, na wanafanya kazi bila wasiwasi. Elkana hataki. Eti huko ni kumkonyeza Mungu.

Ahadi imeandikwa: mwaka wa sita nitaamuru baraka, mtavuna chakula cha miaka mitatu. Mwaka wa sita nimeuona kwa macho yangu. Joto la Mei liliunguza vishada, tukavuna nusu. Na kinachonikera zaidi, hata swali langu limo humo humo kwenye Torati: mkisema, tutakula nini mwaka wa saba? Kumbe alijua nitauliza. Sasa mbona kimya?

Mizabibu yenyewe mizee, aliipanda baba mkwe. Isipopogolewa itajichosha kwa matawi, na mingine haitauona mwaka ujao. Usingizi sipati.

Jumatano, 9 Februari
Yinon kapiga simu kutoka Haifa. Bandarini wanampa kazi ya kudumu, wanataka jibu kabla ya Pasaka. Akikubali, ndiyo basi, harudi. Kama shamba lina uhai, atakuja na mkewe na mtoto waliendeleze. Mwanetu wa pekee! Akauliza, Mama, mizabibu ikoje? Nikasema mizuri. Uongo mtupu.

Simlaumu. Nani ahamishe mke na mtoto aje kurithi kuni?

Jumatatu, 14 Februari
Mistari mitatu imepogolewa. Ile ya chini, inayopakana na bonde. Kazi safi, kila tawi limeachiwa macho mawili ya kuchipulia.

Elkana kaniangalia kwa jicho la polisi. "Tirtza, ni wewe?" Nikacheka — mimi hata kitunguu nakikata upande. Nilidhani ni yeye, kazidiwa na mikono yake. Tukabaki tunatazamana. Mama mkwe, kwenye kiti chake karibu na jiko, kasema ni malaika, na kwamba tuache kupiga kelele wasije wakaudhika wakaondoka.

Nimefurahi. Sikatai, na furaha yenyewe inanitia hofu.

Jumanne, 15 Februari
Si malaika. Elkana kachuchumaa asubuhi nzima kwenye mistari ile, akarudi na jina. Mikato yote imelala upande wa kushoto. Ni Gershon wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, yule anayetumia mkono wa kushoto, alikuwa naye jeshini. Gershon, Myahudi mwenzetu, ambaye siku ya mfungo mkuu anachoma nyama barazani. Anavuka alfajiri, anatufanyia kazi, anarudi kwake, hasemi neno.

Elkana kaenda kwa rabi wetu. Jibu: kilichokatwa kimekatwa, hukumtuma, huna kosa. Lakini sasa umejua. Ukinyamaza naye akaendelea, ni sawa na kumtuma.

Nimemwambia angenyamaza tu, asiende kuuliza. Hakupendezwa.

Ijumaa, 18 Februari
Mstari wa nne. Elkana anaamka gizani, anakwenda hadi getini, anarudi. "Nimwambieje mtu aache kunitendea wema?" Mkate u jikoni, jua linashuka, lazima niwashe mishumaa ya Sabato. Naacha kalamu.

Jumapili, 20 Februari
Gershon kaja mchana kweupe, mlango wa mbele, buti zimejaa matope, mkasi mkononi. Hajifichi tena. Anasema macho ya mizabibu yameanza kuvimba, wiki hii ikipita ni bure. Anataka ruhusa tu, alete na wanawe, kesho jioni shamba lote limekwisha.

"Wewe umekatazwa, sawa," Gershon kamwambia Elkana. "Mimi nani kanikataza?"

Elkana kamwambia akae kwanza, anywe kahawa. Hicho ni kikombe cha nne sasa. Kila Gershon akitaka kuinuka, Elkana anamimina. Kamuuliza habari za wajukuu, za trekta, za goti lake. Jasho linamtoka na nje kuna baridi. Akisema ndiyo, miezi yote hii ya kujizuia imekwenda na maji. Akisema hapana, Yinon ndiyo huyo kaenda. Mkasi uko juu ya meza yangu, karibu na sukari, na hakuna anayeutazama.

Mwishowe Gershon kafunika kikombe kwa kiganja. "Mzee, moyo unanienda mbio kwa kahawa yako ya hiliki. Sema basi."

Elkana kaweka birika chini. Halafu, bila kuinua uso: "Muulize Tirtza."

Mimi! Mtu huyu tangu tuoane hajawahi kuniachia jambo la Torati, hata la kijiko kipi cha nyama na kipi cha maziwa. Gershon kanigeukia na tabasamu lake lile. "Haya, shemeji. Nakusikiliza."

Nikasema ngoja nilete biskuti.

Niko stoo. Nimefunga mlango, nimekalia gunia la viazi, naandika juu ya kopo la biskuti. Kutwa kucha namwomba Mungu atimize ahadi yake. Sikumwomba aniulize mimi. Nikisema ndiyo, Elkana atalala kitanda kimoja nami akijua ni mimi niliyeivunja shmita. Nikisema hapana, nitampigia Yinon simu kwa maneno gani?

Gershon anauliza kwa sauti kama biskuti nimekwenda kuzioka. Elkana hacheki.