Ukuta Aliochora Armelle

Granville, 14 Agosti 2016

Dada Godeliève,

Armelle amechora ukuta wa sebule sasa hivi, nyumba nyekundu yenye watu watano, na mimi sikumgombeza. Mgongo wa shemeji yako Libère umepona. Leo hakwenda kiwandani.

Tunakuona kwenye simu, diwani anayesimamia nyumba za jiji huko Uholanzi. Namwambia Armelle, huyu mama yako mkubwa, tulipokuwa kambi ya wakimbizi, alipita hema kwa hema akiandika yanayovuja, na huko Uholanzi alianza kwa kusafisha ngazi za maghorofa. Anauliza kwa Kiingereza chake kama wewe ndiye bosi.

Mwaka juzi ulisema maghorofa ya zamani yabomolewe, watu wahame kwa muda, watarudi kwenye mapya. Dada, na nyumba yetu hapa inabomolewa. Wametuletea karatasi yenye maneno yale yale. Libère anasema, “Tusaini tu, dada yako hawezi kudanganya watu.”

Nakuuliza kama dada, si diwani. Wale watu wako walirudi? Mimi naamini walirudi, ila nataka kusikia kwako kabla ya

Libère anaita mlangoni, “Mama Armelle, mwenye karatasi amefika, njoo na kalamu.” Kalamu ndiyo hii ninayokuandikia, dada, sasa nikimpa